Nimechimbua rupia za Mjerumani na sarafu ya tembo: nimuuzie nani?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi ujenzi wilayani Mpwapwa. Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulichanga pesa tukanunua detekta ya vyuma, tukawa tunazunguka kwenye njia za zamani na mahame. Mpaka sasa tumejaza mkebe mmoja wa sarafu. Nyingi ni za fedha, zina sura ya Mjerumani mwenye kofia ya chuma, za miaka ya 1890 hadi 1913. Zimo shilingi za simba, imo moja kubwa sana yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780, na moja ya njano yenye tembo, imeandikwa 15 Rupien 1916. Sonara mmoja wa Dodoma mjini aliipima hiyo ya tembo akapata gramu 7.1, akasema ataichukua kwa uzito aiyeyushe. Mtu mwingine kanipigia simu kutoka Dar, anasema rupia ikivuta punje za mchele ni milioni mia tatu, ila nitume kwanza laki mbili za vipimo. Nimeshaanza kuzisugua kwa dawa ya meno zing'ae. Nimuuzie nani? Na serikali ikijua, itazichukua?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nakuomba mambo matatu kabla hujaendelea kusoma: acha kabisa hiyo dawa ya meno, usitume hizo laki mbili, na hiyo sarafu ya tembo isirudi kwa sonara mpaka umefika mwisho wa jibu hili.

Nimekuelewa hivi. Unaogopa kuuza kwa bei ya kutupa kitu ambacho huenda kina thamani, na unaogopa kwamba ukiulizauliza sana utanyang'anywa. Hofu zote mbili zina msingi. Ila kuna jambo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo linaweza kukutia matatani kuliko hayo mawili: mahali mlipochimba. Nitalifikia.

Nianze na huyo wa Dar, maana ndiye hatari iliyo karibu zaidi. Hakuna rupia inayovuta mchele. Rupia ya Mjerumani ni fedha iliyochanganywa na shaba kidogo. Fedha haina usumaku, shaba haina, na mchele hauna. Kwenye video zinazozunguka katika simu, punje zinasogezwa na uzi, au gundi, au umeme tuli, ule unaoifanya kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele iokote vipande vya karatasi. Wengine watakwambia ndani yake mna zebaki nyekundu, wengine kwamba inazima simu. Wanunuzi wa kweli wa sarafu hupima uzito, hupima kipenyo, huangalia mwaka, herufi na hali ya uso wake. Mchele haumo.

Utapeli huu una sura mbili. Ya kwanza umeshaletewa: leo laki mbili za vipimo, kesho laki tano za kibali, keshokutwa nauli ya mnunuzi aliyekwama uwanja wa ndege. Ya pili huenda iko njiani. Mtu anakupigia akitafuta rupia ya mwaka fulani, anataja milioni mia. Baada ya siku chache anatokea mzee mpole kutoka kijijini akiwa nayo hiyo hiyo, na anataka milioni tano tu kwa sababu ana mgonjwa. Unauza ng'ombe, unanunua, unampigia yule wa kwanza, simu haipatikani. Hao wawili ni kitu kimoja. Nimeona watu wazima wenye akili timamu wakimaliza zizi kwa mtego huu, na inaniuma kila mara, maana rupia waliyoinunua kwa milioni tano huwa ni ya kawaida, na pengine ni ya bandia. Ukiombwa pesa ili uuze mali yako, huyo si mnunuzi. Hifadhi namba yake na ujumbe wake, uvipeleke polisi.

Sasa tufungue mkebe. Hadithi inayopendwa sana huku kwetu ni kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia mali, akaweka alama kwenye mbuyu au kwenye jiwe. Sarafu zenu hazihitaji hadithi hiyo. Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara ya kutoka pwani kwenda bara kabla hata Wajerumani hawajajenga boma. Baadaye ikaja kodi ya nyumba, tangu mwaka 1898, ikawalazimu watu kutafuta rupia. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, nayo ilijengwa na vibarua waliolipwa. Kijijini hapakuwa na benki. Akiba iliwekwa chunguni na chungu kikafukiwa chini ya sakafu. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: Kondoa ilitekwa na majeshi ya Waingereza Aprili 1916, Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huo huo. Vita vilipokwisha, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na kufikia mwaka 1921 shilingi ikaingia. Rupia iliyokuwa bado imefukiwa ikabaki chuma tu. Kwa hiyo mnachookota ni akiba na jasho la babu na bibi zetu zaidi kuliko hazina ya gavana yeyote, na ndiyo maana nyingi ni za kawaida.

Rupia zenye mtu wa kofia ni za Kaisari Wilhelm wa Pili. Pembezoni zimeandikwa kwa Kilatini Guilelmus II Imperator. Za mwaka 1890 hadi 1902 zina jina la kampuni ya Kijerumani upande wa pili, na kuanzia 1904 zinasomeka Deutsch Ostafrika. Herufi ndogo A ina maana ilipigwa, yaani ilitengenezwa, Berlin, J ni Hamburg. Rupia moja ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 11.66, na asilimia 91.7 yake ni fedha, yaani gramu 10.69 za fedha halisi. Angalia kama mna ya rupia mbili, kubwa na nzito maradufu, ya mwaka 1893 au 1894. Hiyo ni adimu na iwekwe peke yake. Nyingine, zile za rupia moja zilizochakaa, kwa wakusanyaji huuzwa kwa makumi ya dola, si mamilioni mia ya shilingi. Najua si habari uliyoitaka. Heller, yaani senti za Mjerumani, za shaba na zile zenye tundu, kama mnazo, bei yake ni ndogo zaidi.

Ile kubwa ya mwanamke ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Mwaka 1780 ulioandikwa ni mwaka aliofariki, na baada ya hapo sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile kwa ajili ya biashara, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, hadi nyakati zetu hizi. Kwa hiyo mwaka wake haukwambii chochote kuhusu umri wake. Uzito ni gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, karibu gramu 23.4 za fedha halisi. Shilingi za simba za 1921 hadi 1946 ni fedha robo tu, chini kidogo ya gramu mbili kwa kila shilingi. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, hivyo ndugu zetu wa Kongwa wanaookota shilingi za enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940, wasidanganywe na mng'ao.

Tubaki kwenye tembo, maana mkebe mzima haufikii hapo.

Mwaka 1916 Wajerumani wa hapa walikuwa wamezingirwa, meli hazifiki, sarafu zimepungua. Wakaanza kupiga zao Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba mkoani Singida, na ikatengenezwa sarafu ya rupia 15 yenye tembo na mlima upande mmoja, tai upande wa pili, pamoja na herufi T ya Tabora. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora mwezi Septemba. Uzito wake sahihi ni gramu 7.17, dhahabu asilimia 75, yaani gramu 5.38 za dhahabu halisi. Ikiwa ya kweli na haijaharibiwa, wakusanyaji huilipia maelfu ya dola. Sasa unaelewa kwa nini sonara alikuwa tayari kuichukua kwa uzito. Simtuhumu, kazi yake ni kununua metali. Lakini siku ile ungeipokea bei ya chini kabisa ambayo sarafu hii inaweza kupata.

Tatizo ni kwamba sarafu hii inaigwa sana. Gramu 7.1 inatia moyo, lakini mwigaji naye ana mizani. Kitu kigumu kuiga ni uzito kwa ujazo, na unaweza kuupima mwenyewe. Tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Masonara wengi wanayo. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka juu ya mizani glasi yenye maji, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe mpaka izame yote bila kugusa chini wala ukingo, ukiwa umeushikilia uzi. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao ni sawa na ujazo wa sarafu. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Dhahabu ya Tabora inapaswa kutoa karibu 15, kwa hiyo namba ya majini iwe kama 0.47 au 0.48. Ikiwa ni shaba ya njano iliyopakwa rangi ya dhahabu, utaona kama 0.84, na ubishi umeisha. Rupia ya fedha itoe karibu 1.13, reale karibu 2.75, sarafu iliyochakaa sana itapungua kidogo. Rudia mara kadhaa, maana kiputo kimoja cha hewa kinapotosha jibu. Sumaku, ambayo watu wanaiamini sana, inakamata bandia za chuma peke yake. Risasi, shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba zote zinaipita salama.

Ikifaulu maji, nenda hatua ya pili: kipimo cha mionzi kinachosoma aina ya metali bila kukwangua, wenyewe wanakiita XRF. Dodoma una bahati ya kuwa karibu na soko la madini na Taasisi ya Jiolojia, GST. Uliza kwanza kama watapima kitu kizima bila kukikata, na ukae pale pale kinapopimwa. Usikubali mtu aidondoshee tindikali wala kuikwaruza kwenye jiwe. Hata baada ya hapo utakuwa umejua kwamba ni dhahabu tu. Kwamba ni ya Tabora ya kweli ataamua mtu aliyeshika nyingi na kuzilinganisha chapa zake, kwa sababu wapo walioiiga kwa dhahabu halisi.

Kuhusu dawa ya meno, nikueleze kinachotokea, maana ukielewa hutarudia. Ina chembe ngumu za kusugulia. Kwenye jino ni sawa, kwenye fedha kila chembe inachora mkwaruzo, na mikwaruzo elfu ndiyo mng'ao unaouona. Wakati huo huo umeondoa ule weusi au ukijivu uliojijenga kwa miaka mia, ambao kwa mkusanyaji ni ushahidi kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Majivu, mchanga, limau na maji ya betri ni vivyo hivyo, au vibaya zaidi. Zile ulizokwisha kusugua haziponi, utaziuza karibu na bei ya metali. Zilizobaki, kama zina udongo, zilowekwe kwenye maji safi siku moja au mbili, zipanguswe kwa kugandamiza kitambaa laini, kisha kila moja kwenye karatasi yake kavu. Epuka vile vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali. Vinaacha utelezi wa kijani. Shika sarafu pembezoni, si usoni.

Sasa serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979. Inapotaja mabaki ya kale inatumia mwaka 1863 kama mpaka wa umri, na rupia zako zote ni za baada ya hapo. Wengi wanaishia kusoma hapo na kusherehekea. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza kuchimba kwa nia ya kutafuta mabaki ya kale bila leseni, inamtaka aliyegundua atoe taarifa, na inakataza kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Ninyi hamkuangukia sarafu mkichimba msingi wa nyumba. Mmenunua mashine, mnatafuta. Tofauti hiyo ni kubwa. Na ikiwa shamba ni la mtu na hakuwapa ruhusa, kuna mwenye shamba naye wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo simamisheni kuchimba sasa. Andikeni kila mnachokumbuka: sarafu ipi ilitoka wapi, kina gani, ilikuwa peke yake au kwenye chungu, pamoja na vigae gani. Pigeni picha pande zote mbili huku rula ikiwa kando. Mjulisheni mtendaji wa kijiji, kisha afisa utamaduni wa wilaya, na muombe maelekezo Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo ofisi zake ziko Mtumba hapa hapa Dodoma. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna kitakachozuiliwa na serikali, na kabla ya kwenda huko, kwa sababu ya ile ya dhahabu, lipia saa moja ya wakili. Ninachokuhakikishia ni kwamba sarafu yenye barua ya serikali inauzika, na sarafu ya kificho inanunuliwa na watu wa kificho, kwa bei yao, usiku.

Na kuna sehemu ambazo nakusihi msizikanyage na hiyo mashine: maboma ya zamani, makaburi, sehemu za matambiko, na mapango. Kondoa, michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 imechimbiwa mashimo chini yake na watu wanaotafuta mali ya Mjerumani. Udongo ule una matabaka ya maisha ya watu wa maelfu ya miaka, na ukishachanganywa kwa sururu hakuna mtaalamu atakayeusoma tena. Inanisikitisha kuliko hasara yoyote ya sarafu. Tena maeneo yaliyopiganiwa mwaka 1916 yanaweza kuwa na risasi na makombora. Chuma kirefu chenye kichwa mkikikuta, msikigonge wala kukibeba, mwiteni polisi.

Mkishapata ruhusa, uuzaji wenyewe una njia chache. Sonara atakulipa metali tu, na hata hapo jua hesabu yako kabla hujaingia: chukua bei ya dhahabu ya siku kwa gramu, zidisha kwa 5.38. Tume ya Madini hutoa bei elekezi, zitumie. Hiyo ni sakafu, usishuke chini yake. Usiruhusu iyeyushwe hata ukibanwa na shida, kwa sababu thamani ya ukusanyaji itakufa dakika ile ile, na utabaki na kipande cha dhahabu kisicho na asili, ilhali biashara ya dhahabu kwa Sheria ya Madini ya 2010 inahitaji leseni. Rupia za kawaida ziuze humu nchini, kidogo kidogo, kwa wakusanyaji wanaokuonyesha nyuso zao na kulipa mahali pa wazi mchana; ndani ya benki ni pazuri. Shilingi za simba zisikusumbue, gharama ya kuzizungushia itakula faida.

Ile ya tembo ikithibitika, mahali pake ni mnadani. Nyumba kama Künker ya Osnabrück, Ujerumani, na Spink ya London huuza sarafu za aina hiyo. Unaanza kwa kutuma picha, bila kutuma sarafu. Wao hukata kamisheni, huuliza ilikotoka, na pesa huchukua miezi. Wapo pia wakaguzi wa Marekani, NGC na PCGS, wanaoithibitisha sarafu na kuifunga kwenye kasha, kwa malipo. Kwa rupia ya kawaida ni kupoteza pesa, kwa tembo huenda ikalipa. Yote haya yanakuja baada ya kibali cha kuitoa nchini. Ikikamatwa uwanja wa ndege mfukoni mwa rafiki, utapoteza sarafu na rafiki atapoteza zaidi.

La mwisho ni hao wenzako wawili. Mmesema mlichanga pamoja, lakini hukusema mligawanaje. Andikeni makubaliano leo, kabla bei haijajulikana, mbele ya mtendaji: nani ana sehemu gani, mkebe unalala kwa nani, nani anaruhusiwa kuzungumza na mnunuzi. Kisha pima ile ya tembo ndani ya maji, na uniandikie namba zote mbili, ya ukavu na ya majini, pamoja na picha za pande mbili na ukingo wake.